Matabaka Membamba ya Sumaku kwa Kumbukumbu za MRAM: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi, mafundi wa maabara na watengenezaji wa vifaa vya elektroniki wa Arusha na Moshi wanaokutana na neno MRAM kwa mara ya kwanza, au ambao tayari wameshika chipu mkononi na inawasumbua. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukurejesha kwenye lingine.

## Mambo ya msingi

1. MRAM ni nini, na inatofautianaje na RAM ya kawaida au flashi?

RAM ya kawaida (DRAM) huhifadhi kila biti kama chaji ndani ya kapasita ndogo inayovuja. Chaji hiyo hujazwa upya kila baada ya milisekunde 64 hivi, na umeme ukikatika data yote inapotea. Flashi haivuji kiasi hicho, lakini lazima ifutwe bloku nzima kabla ya kuandikwa upya, na huchakaa: aina nyingi huvumilia kufutwa kati ya mara elfu chache na laki moja.

MRAM haihifadhi chaji. Biti ni mwelekeo wa sumaku ndani ya tabaka lenye unene wa nanomita moja na kitu. Mwelekeo hubaki ulivyo hata bila umeme, kuandika huchukua makumi ya nanosekunde, na hakuna hatua ya kufuta. Ubaya wake ni bei: kwa kila megabaiti ni ghali mno kuliko flashi. Usiinunue kwa ajili ya kuhifadhi picha. Inafaa pale unapoandika data kidogo, mara nyingi, mahali ambapo umeme hauaminiki.

2. Neno "spini" linaingiaje hapo?

Kila elektroni ina spini, inayoifanya iwe kama sumaku ndogo sana. Ndani ya kobalti au chuma, elektroni za spini ya upande mmoja hupita kwa wingi kuliko za upande wa pili. Weka matabaka mawili ya sumaku, katikati yake kihami cha nanomita 1. Elektroni zitapenya kihami hicho kwa njia ya kikwantamu. Sumaku mbili zikielekea upande mmoja, ukinzani ni mdogo; zikipingana, ukinzani ni mkubwa. Kusoma biti ni kupima ukinzani tu.

Tofauti hiyo huitwa TMR: ukinzani mkubwa ukitoa mdogo, ukigawa kwa mdogo. Kiungo (yaani matabaka hayo matatu pamoja) chenye kΩ 5 na kΩ 12.5 kina TMR ya 150%. Jullière aliipima mwaka 1975, lakini kwenye baridi ya kelvini 4.2. Mwaka 1995 kundi la Moodera kule Marekani na la Miyazaki kule Japani walipata kati ya 10% na 20% kwenye joto la kawaida wakitumia oksidi ya alumini. Mwaka 2004 Parkin na Yuasa, kila mmoja na kundi lake, walifika karibu 200% kwa MgO (oksidi ya magnesi). Mwaka 2008 kundi la Ikeda lilitangaza 604%.

Usichanganye na GMR, badiliko jingine la ukinzani kwa sumaku, ya Fert na Grünberg (1988, Tuzo ya Nobel 2007). Kule katikati kuna metali, si kihami.

3. Kwa nini kila mtu anatumia MgO?

Kwa sababu ni fuwele inayochuja. Mwaka 2001 Butler na Mathon walionyesha kwa hesabu kwamba MgO yenye mpangilio wa (001), yaani mwelekeo mmoja maalumu wa fuwele, ikikaa juu ya chuma chenye mpangilio huohuo, hupitisha kwa urahisi elektroni za aina moja ya ulinganifu, na karibu zote ni za spini moja. Oksidi ya alumini haina mpangilio wa fuwele, hivyo haichuji chochote.

Hapa ndipo boroni ya CoFeB (aloi ya kobalti, chuma na boroni) inapopata kazi. Inapomwagwa (yaani kutandazwa atomi kwa atomi ndani ya ombwe), CoFeB haina fuwele, ni laini kama kioo, na MgO huota juu yake ikiwa imenyooka katika (001). Ukiioka baadaye, boroni hukimbilia tantalamu ya jirani, na CoFeB huanza kuganda kuwa fuwele kuanzia upande wa MgO, ikifuata mpangilio wake. Tabaka la jirani lisiponyonya boroni, TMR inabaki chini.

4. Biti inaandikwaje?

Kizazi cha kwanza kiliandika kwa uga wa sumaku wa nyaya zilizopita karibu na biti. Chipu ya megabiti 4 ya Freescale iliyotoka 2006 ni ya aina hiyo. Kizazi cha pili hupitisha mkondo ndani ya kiungo chenyewe, na spini za elektroni husukuma sumaku hadi igeuke. Nadharia yake ilitolewa na Slonczewski na Berger mwaka 1996. Aina ya tatu hupitisha mkondo kando, ndani ya metali nzito kama tantalamu au tungsteni iliyo chini ya sumaku, ili MgO isichoke kwa mkondo wa kuandika.

## Tabaka kwa tabaka

5. Mpangilio kamili ukoje?

Mfano wa kufundishia, kutoka chini (Ta ni tantalamu, Ru ni rutheni, PtMn ni aloi ya platinamu na manganizi): bamba la silikoni lenye oksidi, Ta 5 nm, Ru 10 nm, Ta 5 nm, PtMn 15 nm, CoFe 2.5 nm, Ru 0.85 nm, CoFeB 2.5 nm, MgO 1 nm, CoFeB 2 nm, Ta 5 nm, Ru 7 nm. Huu ni wa sumaku ya mlalo. Kwa sumaku ya wima CoFeB ya juu hushushwa hadi karibu 1.3 nm (swali la 6), na upande ulioshikiliwa hujengwa kwa matabaka ya kobalti na platinamu yanayopishana.

PtMn hushikilia mwelekeo wa CoFe iliyo juu yake. Rutheni ya 0.85 nm huzifanya sumaku mbili zinazoizunguka zipingane, ili uga wao wa nje ufutane na usiisumbue biti, ambayo ni CoFeB iliyo juu ya MgO. Ukikosea unene huo, zinaweza kuanza kuelekea upande mmoja na kazi yote inageuka kinyume.

6. Kwa nini CoFeB iwe 1.3 nm na si 2?

Sumaku ya tabaka jembamba kwa asili hupenda kulala. Kinachoisimamisha ni nishati ya mpaka kati yake na MgO, takriban mJ 1.3 kwa mita ya mraba. Nishati ya kuilaza, kwa sumaku ya kA/m 1,200, ni karibu MJ 0.9 kwa mita ya ujazo. Gawa: 1.3 kwa 0.9 ni kama 1.44 nm. Zidi hapo, sumaku inalala. Kwa 1.3 nm inabaki ziada ndogo ya mJ 0.12 kwa mita ya mraba, na ziada hiyo ndiyo inayotunza data.

Wanaohitaji uhakika zaidi huweka MgO juu na chini ya CoFeB, ili mipaka iwe miwili.

7. Data itakaa miaka mingapi?

Gawanya nishati ya kugeuza biti kwa nishati ya joto. Jibu huitwa Δ. Muda wa wastani wa kukaa ni nanosekunde 1 ikizidishwa kwa e kipeo Δ. Kwa miaka 10 unahitaji Δ ya karibu 40, ila hiyo ni kwa biti moja. Chipu yenye mamilioni ya biti, inayokaa kwenye joto na ambayo biti zake hazilingani kabisa, husanifiwa kwa 60 au zaidi.

Chukua ziada ya swali la 6 kwenye kiungo cha kipenyo cha nm 40: Δ ni kama 36. Yaani hata kosa dogo kuliko 0.1 nm kwenye CoFeB linatosha kuihamisha chipu kutoka "miaka" hadi "siku" au kinyume chake.

## Kumwaga matabaka

8. Ombwe la 10⁻⁶ Pa ni la lazima, au ni mbwembwe za vitabu?

Ni la lazima kwa MgO na CoFeB. Kwenye 10⁻⁶ Pa, gesi iliyobaki inaweza kufunika uso kwa safu moja ya molekuli ndani ya dakika mbili na kitu. Kwenye 10⁻⁴ Pa ni sekunde moja na robo hivi. Gesi hiyo zaidi ni mvuke wa maji, na MgO hupenda maji: hugeuka hidroksidi.

Fungua chemba mara chache, hasa wakati wa masika. Ukiifungua, ijaze naitrojeni kavu, ifunge haraka, kisha ipashe joto la 120 hadi 150 °C kwa saa 24 huku pampu zikivuta. Kabla ya kumwaga MgO, mwaga tantalamu dakika kadhaa huku kifuniko cha sampuli kimefungwa. Tantalamu mpya ukutani hunasa maji na oksijeni.

9. Argoni ya mafundi wa kuchomelea inafaa?

Kwa pamaloi (aloi ya nikeli na chuma, NiFe) ya majaribio, inavumilika. Kwa kiungo cha MgO, hapana, na hesabu yake ni fupi. Unamwaga kwa argoni ya 0.3 Pa. Gesi ya 99.99% ina uchafu wa sehemu 100 kwa milioni, yaani 3×10⁻⁵ Pa ya uchafu ndani ya chemba. Ulihangaika kufika 10⁻⁶, kisha umeingiza mara 30 ya hiyo kwa bomba. Gesi ya 99.9999% huingiza 3×10⁻⁷ Pa. Kama haipatikani, weka kichujio cha gesi karibu kabisa na chemba, kisha hakikisha bomba ni la chuma cha pua. La plastiki hupenyeza unyevu.

10. Plazima haiwaki nikiweka shabaha ya NiFe. Vyanzo vya umeme ni vizima.

Shabaha (bamba la metali linalomwagwa) yenyewe ni sumaku laini, na inameza uga wa magnetroni, yaani kishikio chenye sumaku kilicho nyuma yake. Tumia shabaha nyembamba, milimita 1 hadi 2, au magnetroni yenye sumaku kali zaidi. Kuwasha unaweza kupandisha argoni hadi 2 Pa, kisha uishushe plazima ikishashika.

11. Nipimeje unene wa 1 nm?

Huupimi moja kwa moja. Mwaga tabaka la 30 hadi 50 nm kwa muda unaoujua, pima unene wake kwa mwakisiko wa eksirei, gawa kwa muda. Ukipata 0.05 nm kwa sekunde, 1.3 nm ni sekunde 26. Kifuniko kinachochelewa sekunde moja tayari ni kosa la karibu 4%, kwa hiyo punguza nguvu ya umeme badala ya kukimbizana na saa.

Rudia urekebishaji shabaha inapoliwa. Kwa MgO usisamehe chochote: kila 0.1 nm inayoongezeka hukaribia kuongeza ukinzani maradufu.

12. Kuoka hufanywaje?

Ndani ya ombwe, chini ya 10⁻⁴ Pa, 300 °C kwa saa moja, ndani ya uga wa sumaku wa tesla 0.5 hadi 1 ulioelekezwa unakotaka tabaka la kushikiliwa lielekee. PtMn inahitaji joto hilo ili atomi zake zijipange. Ukipunguza sana, haishiki. Poza ukiwa bado umewasha uga. Ukizima uga kwenye 280 °C kwa haraka ya kwenda nyumbani, umeoka bure.

Ukihitaji kupanda hadi 400 °C, kama viwanda vya chipu vinavyolazimika, tantalamu iliyo jirani ya CoFeB itapenya hadi kwenye MgO. Badala yake tumia tungsteni au molibdeni.

13. Mwinuko wa Arusha unaathiri mashine?

Ombwe lenyewe halijali. Vifaa vinavyolizunguka vinajali. Kwenye mita 1,400 hewa ina karibu kPa 86, si 101. Moshi mjini ni kama 91. Geji ikisomeka mbar 860 mlango ukiwa wazi, haijaharibika. Swichi ya usalama iliyowekwa kiwandani isubiri mbar 1,000 ndipo iruhusu mlango kufunguka inaweza isiruhusu kamwe; irekebishe kwa mujibu wa mwongozo wake, usiipite kwa waya. Hewa nyepesi pia hupoza kidogo, hivyo pampu na chila za feni zipewe nafasi zaidi.

14. Umeme ukikatika katikati ya kumwaga?

Sampuli hiyo itupe. Hata ukirudi ndani ya dakika tano, uso umeshaguswa na gesi (swali la 8), na hakuna kipimo kitakachokushawishi kuwa mpaka ule ni msafi. UPS iwe na uwezo wa kubeba pampu ya tabo, vali na kompyuta angalau hadi jenereta ishike. Vyanzo vya plazima viache vizime. Vali kuu iwe ya aina inayojifunga yenyewe umeme ukipotea, la sivyo mafuta ya pampu ya awali yatarudi chembani.

## Kupima, na kinachokwenda vibaya

15. Mashine ya kupima sumaku inaonyesha mstari wa mshazari badala ya kitanzi.

Kitanzi ni mchoro wa sumaku ya sampuli dhidi ya uga; mshazari huo ni mchango wa silikoni. Sampuli ya sentimita 1 mraba yenye CoFeB ya 1.3 nm ina sumaku ya kama 1.6×10⁻⁷ A·m². Bamba la nusu milimita lililo chini yake, kwenye tesla 1, hutoa karibu kiasi hichohicho kwa upande wa kinyume. Pima hadi uga mkubwa, chora mstari kwenye ncha mbili, uutoe.

16. Sampuli isiyo na sumaku yoyote inaonyesha sumaku. Kivipi?

Vumbi. Udongo wa miguuni mwa Meru na Kilimanjaro ni wa volkano na una magnetiti. Mikrogramu moja tu ya magnetiti ni 9×10⁻⁸ A·m², zaidi ya nusu ya ishara nzima ya swali la 15. Sababu ya pili ni koleo la chuma: linaacha chembe kwenye ukingo wa sampuli. Tumia la plastiki au titani, osha sampuli kwa asetoni kisha isopropanoli, na daima pima bamba tupu lililopitia mikono ileile.

17. TMR ni 5% wakati nilitegemea 100%. Nianzie wapi?

Anza na ukinzani. Ukiwa mdogo mno kuliko ulivyokadiria, mkondo unapita pembeni: wakati wa kuchonga kwa ioni, metali ilirudi kujipaka kwenye ukuta wa kiungo na kuunganisha juu na chini. Chonga kwa pembe, kisha malizia kwa ioni zinazopita karibu kulala ili zisafishe ukuta.

Ukinzani ukiwa sawa lakini TMR ndogo, shuku kuoka (swali la 12), maji ndani ya MgO (swali la 8), au tabaka lililoshikiliwa kugeuka pamoja na la biti, ambalo utaligundua kwenye kitanzi cha sumaku. Ukinzani ukiwa mkubwa kupita kiasi, CoFeB ya chini imeoksidika. Kabla ya yote, kumbuka kupima kwa volti ndogo, mV 10 hadi 20. TMR hushuka kadiri volti inavyopanda, na MgO ya 1 nm hupasuka ikikaribia volti 1 hadi 1.5.

## Bila maabara kubwa

18. Nifanye nini hapa Arusha kama sina mashine ya matabaka mengi?

Anza na pamaloi, usianze na CoFeB. Tabaka moja la Ni80Fe20 la 30 nm juu ya kioo cha hadubini linamwagika vizuri hata kwenye ombwe la 10⁻⁴ Pa. Likate ukanda wa mm 20 kwa mm 2; ukinzani utakuwa karibu Ω 80. Pitisha mA 5 kwa nyaya mbili, pima volti kwa nyingine mbili, kisha zungusha sumaku ndogo pembeni. Ukinzani utabadilika kama 1% hadi 2%, yaani mV 4 hadi 8, ambayo multimita nzuri inaiona. Subiri ukanda utulie joto. Badiliko la nyuzi joto chache tu huweza kufunika ishara.

Upande wa kompyuta kuna programu za kuiga tabia ya sumaku: OOMMF, ambayo haihitaji kadi ya picha, na mumax3, inayohitaji ya NVIDIA. Zote ni za bure. Kwa CoFeB weka seli za 2 nm au chini. Umbali wa kubadilishana, ambao ndani yake sumaku za jirani hubaki zimeelekea pamoja, ni kama 5 nm, na seli kubwa kuliko huo hutoa majibu mazuri ya uongo.

19. Nataka kutumia chipu iliyokwisha tengenezwa. Ipi, na inaunganishwaje?

Everspin MR25H40 ni ya kuanzia: megabiti 4, SPI (njia ya kutuma data biti moja moja kwa nyaya chache), volti 3.3. Arduino Uno hutoa volti 5, kwa hiyo weka kibadilisha viwango, usitegemee bahati. Miguu ya HOLD (kusimamisha) na WP (kuzuia kuandika) iunge kwenye 3.3 V, isielee. Tuma 0x06 kuruhusu kuandika, kisha pandisha CS (mguu wa kuichagua chipu). Amri hutekelezwa CS inapopanda. Halafu 0x02 na anwani ya baiti tatu, kisha data. Kusoma ni 0x03. Hakuna kusubiri milisekunde 5 kama EEPROM.

20. Inarudisha 0xFF tupu.

Karibu kila mara ni HOLD iliyo chini, CS isiyoshuka, au mguu ambao lehemu haikushika. Kifurushi chake hakina miguu inayoonekana. Data ikionekana imesogea baiti moja, umechanganya chipu ya anwani ya baiti mbili (MR25H256) na ya tatu.

21. Sumaku ya spika itaifuta?

Ikigusana na chipu, inaweza. Karatasi ya vipimo hutaja uga wa juu unaoruhusiwa. 8,000 A/m, yaani takriban mT 10, ni kiwango cha kawaida kwa chipu za kizazi cha kwanza, ilhali uso wa sumaku ya neodimi hufika mamia ya mT. Sentimita kadhaa kati yao hutosha kwa sumaku ndogo. Chumba cha MRI cha hospitali ni habari nyingine kabisa, usiingie nayo.

22. Umeme ulikatika wakati kifaa kinaandika usomaji wa pampu ya maji. Sasa nusu ya rekodi ni mpya, nusu ya zamani. MRAM si haipotezi data?

Haikupoteza. Kila baiti iliyofika imehifadhiwa. Rekodi ndiyo haikufika yote. Weka nafasi mbili za rekodi, uandike kwa zamu, kila moja ikiwa na namba ya mfululizo na CRC-16 (namba ya kuhakiki data) mwishoni. Kifaa kikiwaka, soma zote mbili, chukua yenye CRC sahihi na namba kubwa zaidi.

Kisha ongeza kapasita. Rekodi ya baiti 32 pamoja na amri na anwani ni biti 288, yaani ms 0.29 kwa SPI ya MHz 1. Saketi nzima ikila mA 20, kapasita ya µF 100 hushuka kutoka 3.3 V hadi 3.0 V kwa ms 1.5. Inatosha kumaliza rekodi iliyokwisha anza, mradi kigunduzi cha volti kizuie mpya isianze.